Ukuta Usiopigwa Msumari

Nilipiga nyundo mara tatu tu. Mara ya tatu kipande cha lipu kipana kama kiganja kikaanguka sakafuni, na vumbi la chokaa likaniingia machoni. Ilikuwa siku moja kabla ya maonyesho yetu madogo ya historia ya kanga, katika sebule ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, ambayo bibi mwenye nyumba alituazima bure. Bango lenyewe lilikuwa la kitambaa, mita mbili kwa moja, wala halikuwa zito. Bibi alisimama mlangoni, akalitazama shimo, akasema, "Mwanangu, si ungeuliza kwanza?"

Hakuongeza neno. Bora angenigombeza.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia. Siku ile ningeweza kukutajia kwamba Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kwamba sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukuta wenyewe sikuujua. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, kisha zikapigwa lipu ya chokaa. Chokaa ni laini, na inapitisha unyevu. Msumari ukigonga jiwe, mtikisiko husambaa pembeni na kuibandua lipu ambayo pengine ilishaanza kuachana na jiwe zamani. Gundi za kubandikia nazo hazisaidii: hushika ule unga wa juu tu, zikaanguka nao. Na anayeziba tundu kwa saruji anaongeza kosa la pili, maana saruji ni ngumu kuliko ukuta na hufungia maji ndani.

Pembezoni mwa shimo niliona tabaka za rangi: nyeupe, buluu, nyeupe tena, manjano iliyofifia. Nakiri nilisisimka kabla sijaona haya. Hii ilikuwa nyaraka! Bibi ndiye aliyenisomea. Ile buluu, alisema, ni nili ya kufulia iliyotiwa kwenye chokaa, ikapakwa kwa ajili ya harusi ya dada yake. Manjano hakuikumbuka, ilikuwepo kabla hajazaliwa. Niliandika maelezo yake nyuma ya risiti ya bango, nikiwa bado na nyundo kwapani.

Kisha akanionyesha dari. Nyumba hizi zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyake ni vyembamba: mkoko haukupi urefu zaidi ya mita tatu hivi. Tulipitisha ufito kwenye pindo la juu la bango na mwingine chini ili litulie, tukafunga kamba mbili kwenye boriti, tukaliacha lining'inie vidole viwili mbele ya ukuta. Kazi ya dakika kumi. Chini ya kamba tuliweka vitambaa ili zisiukwaruze mti. Ukuta haukuguswa tena.

Miezi kadhaa baadaye nilivuka kwenda Songo Mnara, kisiwa kilicho jirani na Kilwa Kisiwani, kutazama magofu ya mji uliostawi katika karne ya 14 na ya 15. Wengine walipiga picha matao ya milango. Mimi nilisimama chini ya matundu madogo yaliyopangwa mstari juu ya ukuta. Wataalamu wa mambo ya kale wanayaeleza kuwa ni ya vigingi vya mti, vya kutundikia vitambaa au mazulia. Wajenzi waliyaacha wakati wa kujenga. Walijua tangu mwanzo kwamba mwenye nyumba atataka kutundika kitu. Nilikumbuka zile nyundo tatu, nikacheka peke yangu, na mwongozaji akaniuliza kuna nini.

Shimo la Unguja bado lipo. Fundi tuliyemwita alikataa kulijaza siku hiyo hiyo. Alitaka chokaa ikae ndani ya maji kwanza, tena muda mrefu. Maonyesho yakaisha, tukateremsha bango. Kamba bibi alituomba tuziache. Nilipopita mara ya mwisho alikuwa ametundika pazia.