Kutoka Smithfield Hadi Mile End: Njia ya Wanyama Wanaocheza

Hadi mwaka 1855, Smithfield jijini London lilikuwa soko la mifugo hai. Ng'ombe na kondoo waliswagwa kwa fimbo katikati ya jiji hadi mnadani. Leo panauzwa nyama tu, lakini ndipo pazuri pa kuanzia kuifuata njia iliyowafikisha baadhi ya watu kukataa kitoweo, maziwa na mayai.

Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alimlinganisha mnyama na mtambo, mfano wa saa. Mwaka 1789 Jeremy Bentham wa London akaligeuza swali: tusiulize kama mnyama ana akili au anasema, tuulize kama anaumia. Hata hivyo, Bentham huyohuyo alihalalisha nyama. Kwa hoja yake, mnyama hasumbuliwi na hofu ya kesho kama sisi, na kifo cha mkono wa mtu huweza kuwa chepesi kuliko kile ambacho kingemkuta porini.

Sheria ziliingilia mlango huohuo wa maumivu. Mwaka 1822 Richard Martin, mbunge wa Galway, alifanikisha sheria ya kuzuia ukatili kwa mifugo. Tarehe 16 Juni 1824, katika mgahawa wa kahawa wa Old Slaughter's, St Martin's Lane, kikaundwa chama cha kuzuia ukatili huo. Miongoni mwa watu wake wa mwanzo alikuwamo Lewis Gompertz, mvumbuzi Myahudi. Huyu hakula nyama, mayai wala maziwa, na hakukubali kupanda gari la farasi. Wenzake wengi walitaka farasi asipigwe. Yeye alitaka farasi aachwe. Haikupita miaka kumi, akaondoka chamani.

Kilichopungua katika hoja ya Bentham kilitajwa mwaka 1871 na Charles Darwin: furaha. Aliandika kwamba watoto wa mbwa, wa paka na wa kondoo hucheza pamoja kama watoto wetu. Mfugaji hahitaji kitabu kulijua hilo. Ndama akifunguliwa asubuhi hutimka mkia juu, akarusha miguu ya nyuma hewani, akazunguka boma na kurudi mbio, hali hakuna anayemfukuza wala jani analolifuata. Kisu kinaweza kunolewa hadi maumivu yakawa ya kufumba na kufumbua, lakini kiumbe anayecheza ana kitu cha kupoteza hata kisu kiwe kikali namna gani.

Donald Watson, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1910, aliwapenda wanyama wa shambani kwa ami yake, hadi siku aliposhuhudia nguruwe akichinjwa na kusikia mayowe yake. Mwaka 1924 akaacha nyama. Baadaye, akiwa mwalimu wa useremala, aliona kwamba maziwa nayo yana deni: ng'ombe hakamuliwi asipozaa, na ndama dume wa maziwa hana kazi kwa mwenye shamba. Novemba 1944, vita vikiendelea, alikutana na wenzake wachache huko Holborn wakaanzisha chama cha vegani, watu wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama.

Sayansi ilikuja nyuma yao. Miaka ya 1990, huko Ohio, Marekani, Jaak Panksepp aliwatekenya panya wa maabara. Wakatoa milio ya takriban kilohezi 50, juu mno kwa sikio la binadamu, na mkono ulipoondolewa waliufuata watekenywe tena. Mwaka 2022, katika chuo kikuu kilichopo Mile End, mashariki mwa London, nyuki wakubwa wenye manyoya, jamaa wa nyuki wa asali, waliwekewa vipira vidogo. Walivibingirisha bila kupewa chochote, mmoja wao mara 117, na wachanga ndio waliocheza zaidi.

Mwaka huohuo Uingereza ilipitisha sheria inayotambua kwamba wanyama wenye uti wa mgongo, pamoja na kaa na pweza, wana hisia. Nyuki hawamo. Sheria hiyo pia haimzuii mtu kuchinja, kwa kuwa bado imesimama pale Bentham aliposimama, kwenye maumivu. Ndiyo maana vegani haridhiki akiambiwa mnyama hakuumia. Anauliza yule ndama angefanya nini kesho yake asubuhi.