Kina Mama Walioshika Chaki Lodwar na Kakuma

Ukiifungua tarehe ya Kanisa Katoliki katika nchi ya Waturkana, wa kwanza kukupokea ni mapadri na maaskofu. Miaka yao imepangwa sawasawa. Mwaka 1961 mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrisi, hao tuwaitao Wakiltegan kwa jina la makao yao huko Wicklow, Ireland, walifika Lodwar njaa ikiwa imeshika nchi. Mwaka 1968 Lodwar ikamegwa kutoka Jimbo la Eldoret na kukabidhiwa Padri John Mahon. Mwaka 1978 ikawa jimbo kamili, na Mahon huyo huyo akawa askofu wake wa kwanza, akakaa hadi 2000. Wakafuata Patrick Harrington, Dominic Kimengich, na tangu 2022 John Mbinda. Yote hayo yanastahili kuandikwa. Ila humo simwoni mwalimu wa kike aliyefundisha darasa la kwanza chini ya mgunga, akanyonyesha saa nne, akarudi ubaoni hadi jua la utosi, na Jumapili akasimamia kwaya. Bila yeye shule za misheni zingebaki kuta na mabati. Tarehe hii ni yake.

Sitataja majina. Baadhi yao wangali hai, wengine tumewazika juzijuzi, na ni haki ya watoto wao kuyataja kwanza.

Mwalimu huyu alizaliwa katika nchi iliyofungwa. Serikali ya kikoloni iliiweka Turkana mbali na wengine, mgeni hakuingia bila kibali, na kwa miaka mingi misheni hazikuruhusiwa kupiga kambi huko. Palihesabiwa kuwa mahali pa kuwaweka watu wasiotakiwa kuonekana. Jomo Kenyatta alipohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 alipelekwa Lokitaung, na mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar. Shule zilihesabika kwa vidole. Kisha ukame ukaua mifugo, na mvua kubwa ya mwisho wa 1961 ikawakuta watu hawana kitu. Wakakusanyika penye chakula cha msaada.

Darasa lilianzia karibu na sufuria. Walioandikishwa kwanza walikuwa watoto wa waliofilisika, mayatima, na wale ambao chifu aliamuru watolewe. Mwenye ngamia na ng'ombe alitoa mtoto asiyefaa kuchunga. Binti alikuwa wa mwisho kabisa kufikiriwa, kwa kuwa mahari yake ndiyo tegemeo la kaka zake kuoa, na kila mtu alisikia kwamba msichana akikaa darasani ataharibika, atasahau kukamua, atajibu wazee akiwa amesimama. Hofu hiyo haikuwa ya Waturkana peke yao. Jirani zao wa Karamoja, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, wanasimulia jinsi wazee wao walivyoizika kalamu ardhini kwa laana, kwa kuwa ndiyo iliyoandika majina ya vijana waliochukuliwa vitani. Kalamu hiyo ilifukuliwa kwa sherehe mwaka 1995.

Masista walifika pia miaka hiyo ya 1960. Wamisionari Waganga wa Maria walifungua zahanati, wakazunguka kwa gari na kwa ndege kutibu watu. Wasichana waliwapenda. Lakini kulikuwa na swali moja la mzee wa boma ambalo sista, kwa utakatifu wake wote, hakuweza kulijibu: aliyesoma, ataolewa na nani, na atazaa? Mzee akimtazama sista anaona mwanamke aliyesoma sana, hana mume, hana mtoto, hana mbuzi. Kwake huo ulikuwa ushahidi uliotosha.

Ndipo alipotokea mwalimu wa kwanza aliyekuwa binti wa hapo hapo. Alisoma kwa shida, akapelekwa chuoni. Turkana haikuwa na chuo cha ualimu kwa miaka mingi, kwa hiyo aliyetaka cheti aliteremka hadi Kitale, karibu kilomita 300 kutoka Lodwar, juu ya lori la mizigo kupitia Marich, kisha akaendelea hadi vyuo kama Tambach, Mosoriot au Eregi. Watu wa Turkana wanasema wanakwenda Kenya wanaposafiri kusini, na kwa binti wa miaka ya 1970 safari hiyo kweli ilikuwa ya kwenda nchi nyingine, yenye baridi, ugali kila siku na lugha za watu. Barabara ya lami iliyojengwa kwa fedha za Norway ilikuja baadaye, katika miaka ya 1980. Alirudi na cheti chake, akaolewa kwa desturi, ng'ombe wakatolewa, akabariki ndoa kanisani, akazaa.

Nimesoma Kakuma mbele ya mmoja wao, na haya niliyasikia kwa masikio yangu, nikiwa nimetumwa kumletea mgeni kigoda. Baba mmoja alikuja kumtoa binti yake wa darasa la tano. Mwalimu hakubishana. Alimkaribisha kivulini, akampa tumbaku, akangoja.

"Mwalimu," akasema mzee, "wewe ulipoolewa, ng'ombe walikuja?"

"Walikuja, Baba. Na ngamia."

"Na watoto?"

"Watano. Wa mwisho ndiye huyu mgongoni."

"Wanajua kuchunga?"

"Wanachunga kila likizo, na mbuzi wetu hawajapotea."

Mzee akamtazama mtoto mgongoni kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi, mwache mpaka kiangazi kingine." Kiangazi kilipofika hakurudi kumchukua, na yule binti akafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, CPE.

Hilo ndilo ninalotaka lishikwe katika tarehe hii. Tumezoea kusema juu ya marehemu wa namna yake kwamba alikuwa mwalimu hodari na pia mama mwema, tukidhani umama ulikuwa kazi yake ya pili, ya jioni. Huko Turkana umama ndio uliofungua mlango wa darasa la wasichana. Mtoto mgongoni, mahari iliyolipwa, mbuzi zizini, namna alivyoinama kumsalimu mzee, hayo ndiyo yaliyowafanya wazazi waamini kwamba msichana anaweza kusoma na kubaki mtu wa boma.

Serikali nayo ilifanya yake. Tume ya Kuwaajiri Walimu iliundwa mwaka 1967, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikazitoa shule mikononi mwa makanisa, misheni zikabaki wadhamini. Mwaka 1971 Rais Kenyatta aliondoa ada katika wilaya kame, Turkana ikiwamo, miaka miwili na zaidi kabla ya nchi nzima kupata msamaha wa madarasa ya chini. Hata hivyo ada haikuwa kizuizi kikubwa. Mtoto aliyepangiwa kuchunga hakukosa shule kwa sababu ya shilingi.

Mama mwalimu hakuhurumiwa na sheria. Ile Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa aliyejifungua miezi 2 tu, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka. Miezi 3 kamili, likizo yake ikibaki pale pale, ilikuja na sheria ya 2007. Kwa hiyo kizazi hiki chote kilifundisha na watoto wachanga. Nalikumbuka darasa letu vizuri: ngozi ya mbuzi imetandikwa kivulini nyuma ya mlango, mtoto amelazwa hapo, msichana mkubwa kidogo ameketi kando akifukuza nzi. Wa darasa la kwanza hawakuwa na madaftari ya kutosha, wakaandika kwa kidole mchangani. Mwalimu alipita katikati ya mistari, akasahihisha kwa ncha ya kijiti, akausawazisha mchanga kwa wayo, nao wakaanza upya. Mtoto akilia, alimchukua na kumnyonyesha huku akitusikiliza tukiimba a, e, i, o, u. Hakuna aliyecheka. Kwa wengi wetu, hicho Kiswahili cha mchangani ndicho kilikuwa Kiswahili cha kwanza, nyumbani tulizungumza Kiturkana peke yake.

Alikuwa na desturi nyingine katika daftari la mahudhurio. Ukame ulipokaza, familia zilihama na adakar, kundi lao la malisho, na madawati yakabaki wazi. Jina la mtoto aliyehama hakulikata kwa wino. Aliweka alama ndogo kwa penseli, na mvua iliponyesha, mtoto akirejea amekonda na vumbi mwilini, aliifuta mbele yake na kumwita jina kana kwamba alikuwepo jana.

Ukame mkubwa kuliko yote ya wakati wake ulikuwa ule ambao Waturkana waliuita Lopiar, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mifugo iliisha kwa ukame na maradhi, kipindupindu kikaua watu, na bunduki zilizotoka ghala la silaha la Moroto, Uganda, baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979 ziliongeza uvamizi wa mifugo. Mwaka 1980 ulianza mpango wa chakula shuleni kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, mahindi na maharagwe na mafuta. Walimu wa kike ndio waliokesha na hesabu za magunia, na kila mmoja alijua kwamba mtoto aliyemezwa na foleni ya mchana ana wadogo zake nyuma ya ua wanaongoja makombo. Walikuwa wakigawa posho ya serikali huku nyumbani kwao wakilisha jamaa wa mume na jamaa zao kwa mshahara mmoja. Mshahara wenyewe ulifuatwa Lodwar, kilomita 120 hivi kutoka Kakuma, na mwisho wa mwezi darasa lilisimama mpaka mwalimu apate lori la kumrudisha. Tatizo hilo lilipungua baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007.

Kisha, mwaka 1992, ikaja kambi ya wakimbizi. Kakuma ilikuwa kituo kidogo kando ya mto Tarach, wenye maji siku za mafuriko tu: maduka ya Wasomali, misheni, polisi. Vijana wa Sudani waliokimbia Ethiopia baada ya utawala wa Mengistu huko kuanguka mwaka 1991 walifika kwa maelfu, wengi bila wazazi. Wasalesiani wa Don Bosco walikuja mwaka 1993 na karakana zao na parokia ya Msalaba Mtakatifu ndani ya kambi. Shule za kambi zilijaa hata mwalimu mmoja akasimama mbele ya watoto zaidi ya 100, na walimu wengi walikuwa wakimbizi waliolipwa posho ndogo isiyofikia mshahara. Baadaye ilifunguliwa shule ya bweni ya wasichana iliyopewa jina la Angelina Jolie. Leo kambi na makazi jirani ya Kalobeyei yana watu zaidi ya 200,000.

Mengi yameandikwa juu ya ugomvi wa kuni na maji kati ya wenyeji na wageni, na ugomvi ulikuwepo. Yasiyoandikwa ni yale ya Jumapili, baada ya misa, mama mwalimu wa Kiturkana na mama wa Kidinka wakikaa pamoja kivulini, Kiswahili cha mmoja kikiwa cha shule na cha mwingine cha sokoni, wakipanga nani atamkalia nani watoto.

Ripoti ya Shirika la Takwimu la Taifa ya 2013 ilionyesha kwamba asilimia 82 ya wakazi wa Turkana hawakuwa na elimu yoyote ya shule, na asilimia 3 tu ndio waliofika sekondari au kuipita. Mtu anaweza kuitazama hesabu hiyo na kusema kina mama hawa walishindwa. Mimi nauliza walikuwa wangapi, na katika nchi ya ukubwa gani. Kila mwanamke wa Turkana unayemkuta leo katika zahanati, ofisi ya kaunti au bunge, mwulize nani alimshika mkono darasa la kwanza.

Wengi wao wamestaafu. Daftari zao za mahudhurio zimeliwa na mchwa. Lakini vitabu vya ubatizo vya parokia vinatunzwa, na kila ukurasa una safu ya msimamizi. Wazazi wengi hawakuwa wamebatizwa, hivyo aliyesimama nyuma ya mtoto alikuwa mwalimu wake. Anayetaka kuandika tarehe hii kwa majina na aanze na safu hiyo, Lodwar kwanza, kisha Kakuma, na awaendee walio hai kabla ya kiangazi kijacho.