Bei Imepanda au Wameipandisha? Msamiati wa Ugumu wa Maisha Ukitazamwa kutoka Kingolwira

Kingolwira iko kandokando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, mashariki ya mji wa Morogoro, mahali ambapo tambarare inaitazama milima ya Uluguru. Watanzania wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya gereza lake. Wenyeji hulijua pia kwa stesheni ya Reli ya Kati, ambayo ilifika Morogoro mwaka 1907. Katika genge moja la hapo nilimsikia mteja akiuliza kwa nini fungu la nyanya la shilingi 500 limebaki na nyanya tatu. Kijana mwenye genge akajibu, "Bei imepanda, mama." Mteja, mama wa makamo, hakumwacha. "Haijapanda, mwanangu. Mmeipandisha." Wakacheka wote wawili, nyanya zikanunuliwa, nami nikaondoka na swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu.

Mabishano hayo yalikuwa ya kisarufi kabla ya kuwa ya kiuchumi. Kitenzi *panda* katika "bei imepanda" hakihitaji mtenda: bei ndiyo kiima, nayo inakwea yenyewe kama mtu akweaye mlima. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha, *pandisha*, ni lazima apatikane wa kupandisha. Muuzaji alichagua kauli isiyomtaja mtu. Mnunuzi alichagua kauli inayotaja. Hoja yangu ni kwamba historia ya msamiati wa ugumu wa maisha nchini Tanzania, tangu miaka ya 1970, inaweza kusomwa kama historia ya kukitafuta kiima hicho: nani awekwe mwanzoni mwa sentensi pale chakula kinapokuwa ghali. Wanahistoria wa uchumi wameshughulika sana na takwimu za vipindi hivyo. Sentensi zenyewe zimesahauliwa, ingawa ndizo wananchi walizokuwa nazo mikononi.

Msamiati wa awali wa bei haukuwa na lawama. *Bei*, *ghali*, *thamani* na *rahisi* ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyoingia kwa njia ya biashara ya pwani. Katika Kiarabu, neno lililotupatia *rahisi* lilihusu bei ndogo. Kiswahili kilipanua maana yake hadi kitu kisichokuwa na ugumu wowote, kiasi kwamba leo twasema mtihani ulikuwa rahisi bila kufikiria duka. Si ajabu lugha iliyokulia sokoni ikaliona jambo jepesi kuwa sawa na jambo la bei nafuu. Upande wa pili wa sarafu hiyo upo pia: *shida* na *dhiki*, nayo ya Kiarabu, yanabeba asili ya ukali na ya wembamba. Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki mkubwa kupata kutoka Morogoro, aliyefariki Mombasa mwaka 1979, aliuita mmoja wa nyimbo zake maarufu "Shida", na hakuhitaji kuongeza neno la pili. Maneno haya yote yanaeleza hali. Hakuna hata moja linalomnyooshea mtu kidole.

Sisi na wao

Mabadiliko yalianza katika muongo wa 1970. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 ulikutana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na nchi iliyokuwa ikijilisha ikalazimika kununua nafaka nje. Serikali ilikuwa imeunda Tume ya Bei mwaka 1973, hivyo bei ikawa jambo linalotangazwa na dola. Mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo yakapata jina mara moja: unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya Young Africans. Wanaokumbuka ladha yake hawalitaji jina hilo bila tabasamu, hata wale wapenzi wa Simba ambao walikuwa na sababu mbili za kuuchukia.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwishoni mwa mwaka 1978 ikaja Vita vya Kagera. Vita vilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Tuutazame usemi huo kwa makini. *Tufunge mkanda*: kiima ni nafsi ya kwanza wingi. Mtenda ni sisi, mtendwa ni sisi, na kuna tarehe ya mwisho. Ni sentensi yenye heshima, na kwa muda watu waliikubali, kwa kuwa mzungumzaji alijiweka ndani yake. Miezi 18 ilipokwisha na maduka yakabaki matupu, nafsi ya kwanza wingi ilianza kuchosha.

Miaka hiyo lugha ya kambi ya jeshi ilihamia dukani. *Foleni*, neno lililotokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza ya kujipanga mstarini, likawa neno la akina mama wanaosubiri sabuni. *Mgao*, nomino ya heri inayotokana na *gawa*, ilikuwa na maana ya kupata fungu lako. Sukari ilipoanza kupitia kwa mjumbe wa nyumba kumi, mgao ukawa na maana ya kukosa. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyodumu. Leo ukitangaza kwamba kuna mgao wa umeme, hakuna anayeelewa kwamba umeme unagawiwa. Wote wanaelewa kwamba utakatika.

Ndipo akapatikana mtu wa kuwekwa mwanzoni mwa sentensi. *Kulangua* ni kununua bidhaa na kuziuza kwa bei ya kupindukia, hasa wakati wa uhaba. Nomino ya mtenda, *mlanguzi*, imeundwa kwa utaratibu uleule uliotupa *mnunuzi* kutoka *nunua*, na ukaribu huo wa umbo haukuwa wa bure: mlanguzi naye ni mnunuzi, ila ametangulia. Kisha, mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza kampeni ya kitaifa, neno zito zaidi likachukua nafasi ya mbele: *mhujumu uchumi*. *Hujumu* ni shambulio. Ni neno la vita, na masikio ya watu yalikuwa bado yamezoea habari za vita. Ilitungwa sheria maalumu ya uhujumu uchumi, baraza maalumu likaundwa kusikiliza mashauri bila mawakili, na katika majuma ya mwanzo watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Watu walitupa vitenge na sabuni usiku, wakiogopa kukutwa navyo.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Nomino ya mtenda si pambo la sarufi. Ukishasema *mhujumu*, umekwisha kusema kwamba yupo mtu, ana jina, ana ghala, anaweza kufungwa pingu. Kundi hilo moja la maneno liliwaweka pamoja tajiri aliyeficha makontena na mchuuzi aliyekuwa na mifuko michache ya saruji uvunguni. Sarufi haikuwatofautisha, na kwa wiki kadhaa sheria nayo haikuwatofautisha vya kutosha. Hata hivyo singependa kujiunga na wale wanaoiona kampeni ile kuwa kichaa kitupu. Mama aliyekaa foleni tangu alfajiri na kuambiwa sukari imekwisha, kisha akaikuta mlango wa nyuma kwa bei maradufu, hakuwa amemzua mlanguzi. Alikuwa amemwona.

Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984 katika ajali ya gari huko Dakawa, upande wa pili wa mji wa Morogoro, katika barabara ya Dodoma. Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa mwaka huohuo chini ya Uluguru kilipewa jina lake. Maneno ya kampeni yake yalichukua njia tofauti. *Uhujumu uchumi* lingali katika mahakama zetu hadi leo. *Mlanguzi* amefifia Tanzania. Amehamia Kenya, ambako anauza dawa za kulevya na kusafirisha binadamu, wala hana tena habari na sukari.

Jina la mtu, kisha chuma

Bajeti ya Juni 1984 iliondoa ruzuku ya sembe na kufungua mlango kwa wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa. Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na mwaka 1986 Serikali ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bidhaa zikarudi. Nguo zilizokuwa zikiitwa *kafa Ulaya*, jina linalomsingizia mwenye nguo kifo, zikaja kwa marobota na kuitwa *mitumba*, jina la kifurushi tu, lisilo na maiti. Mwinyi akaitwa Mzee Ruksa. Tatizo sasa halikuwa kitu kukosekana. Kitu kilikuwapo, pesa ndiyo haikuwapo.

Kwa hali hiyo mpya lilihitajika neno jipya, na lililozuka wakati wa Rais Benjamin Mkapa, kati ya mwaka 1995 na 2005, ni mojawapo ya maneno yanayonifurahisha zaidi kama mwanaisimu: *ukapa*. Serikali yake ilibana matumizi, ikatumia kile tu ilichokusanya, na kasi ya kupanda kwa bei ikashuka kweli kutoka karibu asilimia 30 hadi karibu asilimia 5. Mitaani watu walisema, "Nina ukapa." Jina *Mkapa* lilichukuliwa kana kwamba *m-* yake ni kiambishi awali cha ngeli ya kwanza, kama ile ya *mzee*, kikaondolewa na kuwekwa *u-* ya dhana, kama ile ya *uzee*. Tena neno hilo lilikuwa jirani na *ukata*, lililokuwapo tangu zamani kwa maana ya kukosa fedha. Tofauti ni konsonanti moja. Mtenda hakutajwa waziwazi, lakini kila msikilizaji alimsikia. Hakuna baraza la lugha lililolisanifu, na hakuna ambaye angelipeleka mahakamani.

Wakati huohuo neno la kitaalamu lilikuwa likizagaa redioni: *mfumuko wa bei*. Linatokana na *fumuka*, yaani kuachana kwa kitu kilichofumwa au kushonwa. Katika Kiingereza picha ni ya kitu kinachopulizwa na kujaa hewa. Sisi tulipata mkeka unaofumuka ukingoni, uzi mmoja ukivuta mwingine. Ni istilahi nzuri kuliko tunavyoistahi. Wanafunzi wangu wengi hudhani inahusiana na *umuka*, wakifikiria unga wa maandazi, na si kazi rahisi kuwaambia kwamba wamekosea, maana andazi nalo linaeleweka.

Katika utawala wa Rais John Magufuli ukaja usemi *vyuma vimekaza*. Kitenzi *kaza* hutumika kwa mtu anayekaza kitu, na pia kwa kitu chenyewe kilichokaza. Watu wangeweza kusema *vyuma vimekazwa*, nayo kauli ya kutendwa ingelivuta swali lake la kawaida: na nani? Walichagua *vimekaza*. Kiima ni vyuma. Baada ya *sisi* wa mwaka 1979, *wao* wa mwaka 1983, na jina la kiongozi lililofichwa ndani ya *ukapa*, sentensi imebaki na spana na boliti. Wapo wanaouona huo kuwa ubunifu wa vijana tu. Mimi nauona pia kuwa tahadhari. Watu walijua kusema bila kusema, na kila aliyejibu "tupake grisi" alikuwa ameelewa yote.

Fungu

Nirudi kwenye genge. Milima ya Uluguru huishusha mboga na matunda kila siku kuelekea mjini na vijijini tambarare, lakini mkulima na mlaji hawapimi kwa kipimo kimoja. Mkulima hulazimishwa *lumbesa*, gunia lililojazwa na kuvikwa kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo umekuwa ukilipiga vita. Mlaji hukutana na *sado*, kopo lililoanza maisha likiwa na rangi ya Sadolin, au na fungu. Vipimo vya zamani vya pwani, ambapo vibaba viwili vilifanya kisaga na visaga viwili vikafanya pishi, vilikuwa na uwiano unaojulikana. Kibaba sasa kimebaki katika methali ya haba na haba. Fungu halina uwiano na chochote. Shilingi 500 hubaki shilingi 500 huku nyanya zikitoka sita, zikawa nne, zikawa tatu. Hakuna kitenzi cha jambo hilo. Bei haijapanda, maana ni ileile. Fungu halijapunguzwa, maana halikuwahi kuwa na idadi. Kijana wa Kingolwira alipojibu "bei imepanda" alikuwa, kwa kweli, mkweli kuliko fungu lake.

Linganisha na petroli. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, lita moja ilipita shilingi 3,000, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia mwezi Juni. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mji kwa mji, hadi shilingi ya mwisho. Dereva wa bodaboda anayesubiri abiria kando ya genge anaijua siku hiyo, anamjua aliyetangaza, na akitaka kulaumu anajua pa kuanzia. Hata *tozo* ya miamala ya simu ya mwaka 2021, neno lililochongwa kutoka *toza*, ilikuwa na mtozaji, na malalamiko yakaishusha kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo. Nyanya hazina Jumatano yao. Ndiyo sababu yule mama alilazimika kukitafuta kiima mwenyewe, akakipata katika silabi moja: *m-meipandisha*, nafsi ya pili wingi, ingawa mbele yake alikuwa amesimama kijana mmoja, ambaye alfajiri ileile naye alikuwa ameuziwa sado kwa bei ya mtu mwingine.