Steringi Hafi, Mzee Wake Ndiye Anapotea

Kaa kibanda umiza chochote Mkuyuni, watoto watakufundisha sheria ya kwanza: steringi hafi. Sheria ya pili haisemwi ila ipo: yule mweusi anayempa steringi akili, akimaliza kazi anakufa au anapotea.

Cheki The Green Mile ya 1999. John Coffey, aliyechezwa na Michael Clarke Duncan, anaponya wagonjwa kwa mikono. Anamponya askari magereza mzungu, anamponya na mke wa mkuu wa gereza, halafu yeye anakalishwa kwenye kiti cha umeme. Mwaka 2000 Will Smith akaja na Bagger Vance: anamfundisha mzungu gofu, kisha anaondoka zake. Ana mke? Kwao wapi? Muvi haisemi. Mwaka 2001 mwongozaji Spike Lee alizisema sana filamu hizi mbele ya wanafunzi wa vyuo Marekani. Hoja yake ilikuwa moja: mtu ana miujiza yote hiyo, mbona hasaidii ndugu zake?

Ila mchezo huu haukuanzia Hollywood. Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza, akaliona ziwa ambalo wavuvi wa huku walikuwa wakilila samaki tangu enzi za mababu, akalibandika jina la malkia wake. Pembeni yake alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi Zanzibar. Kiswahili kilimpiga chenga Speke, hivyo aliongea na Bombay Kihindustani, na Bombay ndiye akaongea na wenyeji. Bila yeye, Speke ni bubu porini.

Safari iliyofuata, ya mwaka 1860, Speke huyohuyo alimpiga ngumi za uso. Bombay bado akaendelea na kazi. Mwaka 1871 akaenda na Stanley mpaka Ujiji kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka bahari ya Atlantiki. Masteringi wanabadilika, mzee ni yuleyule. Na nyuma yao wapagazi kibao, wengi wao vitabu havikuwaandika hata majina.

Mwaka 1990 ikatoka Mountains of the Moon. Bombay yumo, ila stori ni ya wazungu wawili, Burton na Speke, na urafiki wao uliovunjika. Kwenye ramani Ghuba ya Speke ipo mpaka leo, hapahapa Mwanza. Ya Bombay hakuna.

Siku kijana wa Mwanza akishika kamera, stori ianze na mtoto wa Kiyao aliyeporwa kwao, akazunguka dunia, akarudi akiwa fundi wa njia. Mzungu awemo, ila awe yule anayeuliza njia.

Mdau, ungempa nani acheze Bombay?