Linux ilifika delta mfukoni, mezani bado

Historia ya programu huria inaanzia kwenye printa iliyokwama karatasi. Ilikuwa karibu na mwaka 1980, kwenye maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Kampuni ya Xerox ilikuwa imewapa printa mpya ya leza, nzuri na ya kasi, ila ilikuwa na tabia ya kukwama. Printa yao ya zamani nayo ilikuwa inakwama, lakini Richard Stallman na wenzake walikuwa wameirekebisha programu yake: karatasi ikinasa, kompyuta inawatumia ujumbe wote wanaosubiri, waende wakaitoe. Kwa hii mpya hawakuweza, maana msimbo wake hawakupewa. Stallman akamfuata mtafiti wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akaomba nakala, akanyimwa. Jamaa alikuwa ameshasaini kwamba hatampa mtu.

Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa kujenga mfumo endeshi ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, akaleta kiini chake, Linux. Hivyo viwili ndio msingi wa mifumo unayoipata bure leo kwa majina ya Debian, Ubuntu, Mint na mengine kibao.

Sasa ruka miaka arobaini na kitu, uje Kibiti, kilomita 130 hivi kusini mwa Dar es Salaam kwenye barabara ya kwenda Lindi. Ingia kwenye duka la steshenari, mpendekezee mwenye duka aondoe Windows aweke Linux. Kitu cha kwanza atakachokuuliza ni kama printa itafanya kazi. Na kwa printa nyingi ndogo za bei nafuu zinazopatikana kwenye maduka haya, jibu la kweli ni "inategemea". Printa hizi zimefanywa rahisi kwa kuondolewa akili: kazi ya kuchora ukurasa inafanywa na kompyuta, halafu inatumwa kwenye printa kwa lugha ambayo kampuni haijaiweka wazi. Bila draiva ya kampuni yenyewe, printa ni sanduku. Draiva ya Windows inakuja na CD ndani ya boksi. Ya Linux, kama ipo, iko kwenye tovuti, na kuisimikia kunataka mtu anayejua anachokifanya. Yaani kilichomuudhi Stallman hadi akaanzisha harakati nzima, ndicho hichohicho kinachoizuia harakati hiyo isiingie dukani. Sijui kama kuna kejeli nzuri zaidi ya hii kwenye historia ya kompyuta.

Wanaotumia kompyuta za mezani wamekuwa wakisema kwa miaka kinachopungua kwenye mifumo huria, na madai yao ukiyasikiliza Kibiti hayatofautiani sana na ya Berlin. Baada ya printa linafuata la Word. Mteja anakuja na flashi yenye barua aliyoandikiwa na mtoto wa dada yake Dar. Kwenye Windows ni ukurasa mmoja. Ukiifungua kwa LibreOffice, sahihi inahamia ukurasa wa pili. Mara nyingi tatizo ni fonti tu. Barua imeandikwa kwa Calibri, Linux haina Calibri, inaweka nyingine yenye herufi pana kidogo, mistari inasogea. Dawa ipo tangu mwaka 2013, fonti inayoitwa Carlito, yenye vipimo sawasawa na Calibri. Lakini mwenye duka anajuaje? Anachokiona ni karatasi mbili na mteja aliyenuna.

Kuna waliodhani kinachopungua ni lugha. Hii ni sura ya historia ambayo wanafunzi wengi wa Kitanzania hawaijui, na inatuhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishirikiana na Waswidi kwenye mradi ulioitwa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu ya ofisi nzima, kuanzia menyu mpaka jumbe za makosa, kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nao walitangaza kwamba watatafsiri bidhaa zao kwa Kiswahili. Fikiria hilo kidogo. Kikundi cha chuoni kilikuwa kinakimbia sambamba na kampuni tajiri kuliko nchi nyingi, na kilikuwa na bidhaa mkononi kabla mwaka haujaisha.

Mbona basi hukuikuta shuleni? Nadhani sababu mojawapo ni kwamba sisi kompyuta tunajifunza kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Tunasema "nisevie kwenye flashi", "kopi, halafu pesti". Mtu aliyezoea kuitafuta "File" pembeni kushoto, ukimwekea "Faili" haimsumbui, lakini ukimwekea "Hariri" na "Umbiza" anasimama. Anayekuja kumsaidia naye alifundishwa kwa Kiingereza, kitabu chake ni cha Kiingereza. Silaumu waliotafsiri, bila wao tusingekuwa na nusu ya istilahi tunazozitumia kwenye blogu hii. Ila walijibu swali ambalo mwenye kompyuta hakuwa ameliuliza.

Kwa maoni yangu swali lake ni hili: programu inanifikiaje?

Hapa inabidi tushuke delta. Kutoka Kibiti unaelekea pwani hadi Nyamisati, kwenye boti za kwenda Mafia, na kutoka hapo unaingia kwenye mikondo ya Rufiji, katikati ya msitu mkubwa kuliko wote wa mikoko Afrika Mashariki. Umeme kwa wengi ni wa sola, usafiri ni maji kujaa na maji kupwa, na bando la intaneti linahesabiwa kwa megabaiti. Mwalimu wa huko akitaka programu ya Windows, mtu anamletea faili moja kwenye flashi. Anabofya mara mbili, basi. Kila inachohitaji programu kiko ndani ya faili lile, kama mgeni aliyekuja na mkeka wake.

Kwenye Linux mambo yalijengwa tofauti. Programu moja inategemea maktaba za programu nyingine, nazo zinategemea nyingine, na zote zinagawana ili zisijirudie kwenye diski. Unaomba programu moja, kompyuta inaingia kwenye ghala la mtandaoni, inaleta hiyo pamoja na ndugu zake ishirini. Ukiwa Helsinki au Boston, kwenye mtandao wa chuo usiolipiwa na mwanafunzi, huo ni utaratibu safi kabisa, na salama kuliko kubofya mafaili yaliyopita mikono ya watu. Ukiwa Mbwera ni kama kupewa kichocheo cha pilau kinachosema viungo viko Kariakoo. Flashi haikusaidii. Utalibeba faili la programu unayoitaka, ulifungue, likuambie limekosa maktaba fulani. Uifuate hiyo, nayo ikutajie nyingine.

Usidhani ni lawama za watu wa vijijini tu. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa Debian uliofanyika Portland, Torvalds mwenyewe alilalamikia jambo hilihili. Ana programu yake ya wapiga mbizi, Subsurface, na akaeleza kwamba kuitengenezea vifurushi vya Windows na vya Mac ni rahisi kuliko kuitengenezea vya Linux, kwa sababu kila toleo la Linux lina maktaba zake. Baba wa Linux!

Waafrika waliliona tatizo la usafirishaji mapema. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa na huduma iliyoitwa ShipIt: unaomba mtandaoni, CD inakufikia kwa posta popote duniani, hulipi chochote. Ilidumu kuanzia mwaka 2005 hadi 2011. Lakini CD ilileta mfumo tu. Programu za ziada ziliendelea kukaa ghalani, mtandaoni.

Shuttleworth ndiye pia aliyeandika, mwaka 2004, kosa namba 1 kwenye orodha ya makosa ya Ubuntu: kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko. Mwaka 2013 akalifunga. Hakulifunga kwa sababu Linux ilikuwa imeshinda mezani. Alieleza kwamba simu na tableti zimebadilisha soko lenyewe, Android ikiwemo. Na Android kiini chake ni Linux. Kwa hiyo mvuvi wa Salale mwenye simu ya Android amekuwa akitumia Linux miaka yote hii bila kuambiwa.

Sasa angalia programu za simu zinavyosafiri delta. Kijana mmoja amepata mchezo au programu ya kuhariri picha akiwa Dar. Anarudi nyumbani, anawarushia wenzake kwa Bluetooth au Xender, simu kwa simu, bila shilingi ya bando. Faili moja, kila kitu ndani. Kiini ni kilekile cha mezani. Kilichobadilika ni jinsi mzigo ulivyofungwa. Hata watengenezaji wa Linux ya mezani wameanza kufuata njia hiyo: AppImage ni programu ya Linux katika faili moja, unaibeba kwenye flashi, unairuhusu iendeshwe, inafunguka. Ilichelewa tu, na bado programu nyingi hazitolewi hivyo.

Lipo na suala la fundi. Jumatatu Windows ikigoma, kila stendi ina kijana wa "kupiga windo". Ana flashi, ana nakala isiyo na leseni, ana draiva za kila aina, na saa mbili baadaye unaendelea na kazi. Ndani ya flashi hiyohiyo mara nyingi kuna Linux pia, na anaitumia: virusi vikificha mafaili ya mteja na kuacha shotikati tupu, anawasha kompyuta kwa Linux, mafaili yote yanaonekana, anayaokoa. Halafu anapiga Windows. Ukimuuliza kwa nini asimwachie mteja Linux, atakuambia hataki kupigiwa simu kila siku.

Delta hii inajua vizuri habari ya kuwa mbali na karakana. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Waingereza pale Zanzibar, ilijificha Salale kwa sababu mitambo yake ilikuwa imeharibika. Vipande vizito vikaburutwa na wapagazi wa Kiafrika, kwa mikono na mabega, hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa kurudi. Mitambo ilipona, lakini Waingereza walikuwa wameshafika mdomoni mwa mto. Julai 1915 wakaja na meli ndogo zinazoweza kuingia kwenye maji ya kina kifupi, na habari yake ikaishia hapo.

Mfano wa kinyume nao uko hapahapa mkoani. Hospitali na zahanati zetu zinapeleka takwimu zao serikalini kwa DHIS2, programu huria. Chimbuko lake ni Afrika Kusini miaka ya 1990, na toleo la kwanza lilitegemea Microsoft Access, yaani programu huria iliyokalia kiti cha kukodi. Kuanzia mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Oslo kikaiandika upya iendeshwe kwenye kivinjari. Tanzania iliijaribu kwanza Mkoa wa Pwani, enzi ambazo Kibiti bado ilikuwa ndani ya Wilaya ya Rufiji, na kufikia mwaka 2013 ilikuwa imeenea nchi nzima. Watu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa ndani ya kazi hiyo: kurekebisha fomu zilingane na vitabu vya MTUHA, kufundisha maofisa, kushughulikia makosa. Ofisa takwimu wa wilaya hajui kama programu yake ni huria na wala hana haja ya kujua. Anajua nywila yake, na ikigoma anajua ampigie nani.

Haya yote yangekuwa stori ya wapenda kompyuta tu, lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10. Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za misaada, zile zilizokwishatumika ofisi mbili tatu kabla ya kufika kwenye maabara za shule zetu, hazina. Zinawaka, kioo kizima, kibodi nzima. Shule ina njia tatu: kuendelea na Windows 10 isiyolindwa, kuweka Windows 11 kwa ujanja wa fundi, au kuweka Linux.

Kama unasoma kompyuta na kwenu ni Kibiti, Ikwiriri au visiwani, likizo hii unaweza kuijaribu hiyo njia ya tatu kwenye mashine moja. Kabla hujapanda basi, uliza jina kamili la printa ya shule. Pakua draiva yake ukiwa bado kwenye mtandao wa chuo, pakua na Carlito, weka LibreOffice na masomo ya Kolibri au Wikipedia ya Kiwix, ambavyo vyote vinafanya kazi bila intaneti. Ukifika, chapisha mtihani mmoja wa zamani mbele ya mwalimu wa taaluma, na umwachie namba yako ya simu.