Safu ya Lugha: Mkaa Amilifu

Mwambie muuza mkaa wa Same kwamba mkaa husafisha maji, naye atauliza: mkaa gani? Swali zuri. Wa jikoni umechomwa tu. Mkaa amilifu, mara nyingi wa vifuu vya nazi, hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 au zaidi hadi ujae vitundu visivyoonekana. Gramu 1 huwa na eneo la zaidi ya mita za mraba 500. "Amilifu" ni ndugu ya "amali": chenye kufanya kazi.

Kinachokosewa ni kitenzi "kuchuja". Kitambaa huchuja tope. Mkaa amilifu hunasa harufu na rangi, kama urimbo unavyonasa ndege. Chumvi huuponyoka. Floridi, kero ya visima vingi vya kaskazini mwa Tanzania, huondolewa kwa mkaa wa mifupa, uliofanyiwa utafiti Ngurdoto, Arusha. Nao kwa sehemu kubwa ni fosfeti ya kalsiamu, si kaboni.

Ukinunua kichujio, uliza kinanasa nini. Na maji ya ndiva (malambo) za Upareni, hata yakipita kwenye mkaa, yachemshwe kabla ya kunywewa ili kuua vijidudu.