Nuskha ya Asili ya Windows XP

Mfumo wa kuendesha kompyuta uitwao Windows XP ulitolewa na kampuni ya Microsoft ya Marekani tarehe 25 Oktoba, 2001, ukauzwa katika diski pamoja na ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 8 Aprili, 2014. Lakini wako wauwekao upya, kwa kuwa maandishi yao ya zamani yafunguka kwa programu za zama zile tu.

Auwekaye kutoka diski ya kwanza hurudishiwa mfumo kama ulivyokuwa siku ile, pamoja na kasoro zake. Hifadhi ipitayo gigabaiti 137 hauioni yote. Mlango alioingilia kirusi Blaster, Agosti, 2003, u wazi vile vile; naye hakungoja mtu afungue barua, mtandao peke yake ulimtosha. Basi kompyuta hutengwa na mtandao kwanza. Na maandishi hunakiliwa kwingine, maana hifadhi ikisafishwa hupotea.

Wasomaji wa miswada ya kale hawatastaajabu: nuskha ya kwanza ni shahidi wa asili, wala si lazima iwe sahihi kuliko zote.